Kunda, Wameleta Isale

Kunda, mdogo wangu,

Wameleta isale. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatisha: "Dada, acha kuzunguka, sema kilichotokea." Kilichotokea ni hicho. Jumapili baada ya ibada baba mdogo Elia alifika kwa Mama kule Mwika akiwa na mzee mmoja wa ukoo wa Baba Nai, yule tunayemwita Meku tu kwa umri wake. Niliwakuta wamekaa, Mama kawawekea chai, hakuna anayekunywa. Meku akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani la isale lililofungwa fundo, akaliweka mezani kando ya chupa. Akasema, "Tulikosa. Tunaomba." Aliyeongeza ni baba mdogo, unamjua: "Ndea, wewe si mtoto. Isale halirudishwi. Hata aliyeua, akileta isale, mkono unashuka."

Wanarudi Jumamosi kuchukua jibu. Jumanne inayofuata kesi yako inasikilizwa Moshi mjini, na shahidi ni mimi.

Sikiliza hesabu yao. Asubuhi ile pale kwenye geti la maji watu walizidi thelathini. Polisi walipokuja kuuliza, mwenye macho akawa mmoja. Wengine wote, ati, walikuwa wameinama wanafunga kamba za viatu. Kwenye tope la mpunga, Kunda, ambako hakuna mtu anayevaa viatu. Mimi ndiye niliyesema nilimwona Baba Nai, na nikasema alikupiga kwa kitu gani na wapi. Wameandika kuua bila kukusudia, kwa hiyo yuko nje kwa dhamana, anapalilia kama wewe na mimi. Kama wewe zamani. Nikipokea isale kwa namna anavyotaka baba mdogo, Jumanne nitasimama niseme nilichelewa kufika, watu walikuwa wengi, sikumtambua mtu. Kesi inaishia hapo. Nikilirudisha, nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu kurudisha isale, na atakayelipia si mimi niliye huku chini na mashine yangu ya kukoboa. Ni Mama, anayekaa benchi moja kanisani na shangazi zake Baba Nai.

Nilimuuliza Mama. Alikuwa anamenya ndizi za kupika kiburu, hakuinua uso. "Mimi nilizaa, wewe uliona. Jibu ni lako."

Basi nimekaa hapa mashineni, leo Alhamisi, hakuna mpunga wa kukoboa, nakuandikia wewe uliyeniletea yote haya.

Ndiyo, wewe. Na wewe nimekukasirikia. Watu wanaongea na marehemu kwa sauti laini; mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Vuli ya mwaka jana ilichelewa, unakumbuka. Mlima ulikuwa mkavu mpaka nyasi zikageuka rangi ya jivu, na mfereji wetu hapa Chekereni ukawa unakuja umekonda. Wewe ukateremka kutoka Mwika na pikipiki yako, darubini shingoni, kama kila mwaka wakati wazungu huko kwao wanaanza kusikia baridi na ndege wao wanahamia kwetu. Ulikuwa umeacha kubeba mizigo ya wageni mlimani kwa sababu ya magoti, na ulikuwa na neno lako: "Mlima una watu wengi wa kuubeba, dada. Ndege hawana mtu wa kuwaonyesha." Vijana wangu wa kuamia walikuwa wanakufa kwa kicheko. Wao wanashinda juani na makombeo na madebe kufukuza ndege, wewe unaweka mafuta kwenye pikipiki kuja kuwatafuta. "Kaka Kunda, chukua na hawa kwelea kwelea, tunakupa bure, na usafiri juu!" Nawe ulicheka nao. Uliwagawia karanga. Kijana mmojawapo wa wale ndiye aliyerusha jiwe lililomuua mmoja wa wale ndege wawili, nitafika huko. Sitaki kuliruka hilo.

Korongo weupe nilikuwa nawajua. Nilikuwa nawajua kwa hasara: wanashuka kwenye jaruba lililopandikizwa jana na miguu yao mirefu myekundu, wanafuata vyura na viwavi, wanakanyaga miche. Lakini wewe ulinisimamisha pale kwenye tuta ukanifundisha kuwahesabu wakiwa hewani wanazunguka. "Usihesabu mmoja mmoja, utapagawa. Kata kumi kwa macho, halafu pima hao kumi wanaingia mara ngapi." Mpaka leo nahesabu magunia kwa njia hiyo. Kwa hilo nakushukuru, aika.

Halafu wakaja wale wawili.

Mimi niliwaona kwanza, uliniambia nisisahau hilo, ukacheka kwamba nitaandikwa. Nilidhani ni korongo taji walionyolewa. Wa kijivu, wadogo kuliko korongo taji, shingo nyeusi, na manyoya meusi marefu yanashuka kifuani kama tai ya mchungaji. Nyuma ya jicho kuna kishungi cheupe kinachopeperuka. Walikuwa wamesimama kwenye jaruba langu la chini, lile nililokuwa nimevuna, lililobakiwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nilikupigia simu. Ulipofika ulilala kifudifudi juu ya tuta na shati lako jeupe, ukaweka darubini machoni. Jina lake la Kizungu sikulishika. Ulichosema nilikishika: "Dada, hawa si wa hapa. Hawa wangeishia Sudani. Wamepotea na wenzao, wameshuka na upepo mpaka hapa kwako."

Wenzako waongoza wageni walikuita mwongo kwenye lile kundi lenu la simu. Ukatuma picha. Baada ya hapo simu haikupumzika. Kuna mgeni alikuwa amemaliza kupanda mlima, alikuwa anaondoka. Akaahirisha safari yake ili aje Ijumaa aone. Sijawahi kukuona hivyo. Mtu mzima mwenye mvi, unatembea kwenye matuta kama umevaa nguo ya Krismasi.

Na jaruba lilikuwa linakauka.

Jumanne jioni uliniomba. Nataka tulikumbuke sawasawa, kwa sababu wengine sasa wanasimulia wanavyotaka. Ulisema, "Dada, wakikosa maji wataondoka kabla ya Ijumaa. Nipe maji ya siku mbili." Nikakwambia zamu yetu imeisha, maji ni ya watu wa mkiani mwa mfereji, wanapandikiza, wengine vitalu vyao vimeanza kuwa vya njano na wanavimwagilia kwa ndoo. Nikakwambia, "Sina maji ya ndege." Ukasema, "Kidogo tu, hakuna atakayejua." Nikasema, "Huku maji yakipungua hata sentimita moja, wa mwisho anajua kabla ya wa kwanza." Nilikukatalia, Kunda, na ningekukatalia tena kesho.

Lakini wewe ulikuwa mtoto wa mfongo. Kule juu mfereji wa babu unapita katikati ya kihamba, kati ya migomba. Ukitaka maji ya mboga unanyanyua bonge la udongo, unajaza bustani yako, unarudisha bonge. Jirani akigundua anakutukana mpaka bibi yako, jioni unampelekea mbege, mnakunywa kibuyu kimoja, yameisha. Ulikulia hapo. Ulidhani maji ni maji na watu ni watu. Huku chini maji yanakuja kwa geti la chuma na zamu, na aliye mkiani hajui sura yako. Huku hakuna kibuyu cha mbege cha kumaliza neno.

Alfajiri ya Jumatano ukaenda kwenye geti na spana, ukalifungua nusu.

Nilikuwa nawasha mashine niliposikia. Mwanzo nilidhani wanafukuza nguruwe pori, maana ni sauti ileile. Halafu nikasikia neno. "Mwizi wa maji." Unajua neno hilo huku lina uzito gani. Mwizi wa kuku anapigwa. Mwizi wa maji, kila anayefika anaona ni kitalu chake mwenyewe analipiza. Nilikimbia juu ya matuta, nikaanguka mara ngapi sijui. Nilipofika walikuwa wamekutoa kwenye mfereji kwa mkanda wa darubini. Walikuburuta nao mpaka getini. Ule mkanda mpana uliojisifu kwamba haukatiki, haukukatika.

Baba Nai alikuwa na mpini wa jembe. Mpini mtupu, bila chuma. Alikupiga upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio, nawe ulikuwa umepiga magoti. Nilisikia mlio. Hakuna kitu duniani chenye mlio ule, nami nafanya kazi na mashine. Kabla ya hapo ulikuwa umemgeukia, mikono iko kwenye gurudumu la geti, unasema, "Nafunga, jamani, nafunga. Ona, nafunga." Na ulikuwa unafunga kweli. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi mkondo wake. Akakupiga unafunga.

Baada ya yeye kufungua njia, wakaja wote. Mateke. Mawe ya kwenye mfereji. Mwanamke mmoja, ninayemuuzia pumba, alikuwa anakupiga na ndoo. Nilijilaza juu yako, nao wakanipiga mimi mpaka mtu akasema, "Huyo ni Mama Mashine, acheni." Wakaacha. Kwa sababu nani angewakobolea? Nimeijua thamani yangu asubuhi ile, Kunda. Sikuipenda.

Tulikupakia kwenye pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma, wewe katikati kama gunia, kichwa chako kwenye bega langu. Blauzi ililoa mpaka mgongoni. Kabla hatujafika lami ulikuwa mzito kwa namna nyingine. Nilijua. Dereva naye alijua, hakupunguza mwendo. Alifanya hisani hiyo, akatufikisha hospitali kama vile tuna la kuwahi.

Wale ndege walikuwa hawajaruka. Mchana huo huo, vijana wakiwa bado wana moto wa asubuhi, mmoja akamtungua wa kwanza na kombeo. Walimnyonyoa, wakamchoma pale pale juu ya tuta, wakamla. Nimeambiwa nyama ilikuwa ngumu. Yule wa pili alibaki. Niliporudi kutoka mazishini nilimkuta anatembea kwenye jaruba lililobakiza tope, anaita. Sauti yake ni kama mlango wenye kutu. Anaita, anasikiliza, anaita. Nilimtupia mpunga, hakula. Nilimtupia bonge la udongo aondoke, nikamtukana, hakuondoka. Baadaye korongo weupe walipita juu wakizunguka, naye akapanda nao, na baada ya hapo sikumwona. Mgeni wako hakuja. Alisikia kuna vurugu.

Hesabu ya maji nimeipiga. Ningeachaje? Geti nusu, kwa muda uliolifungua, ni maji ya kulowesha jaruba moja vizuri. Yanayovuja kwenye ufa wa mfereji pale darajani, ambao kamati imekaa inautazama tangu masika ya nyuma, kwa siku moja ni zaidi ya hayo. Hakuna aliyempiga mpini mwenyekiti wa kamati. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili na sitaufuta: maji ya asubuhi ile, kwa vitalu vilivyokuwa vinakufa, yalikuwa ndiyo maji yenyewe. Kitalu cha Baba Nai kiliungua chote. Maji yalipomfikia alikuwa rumande, na mkewe hakuthubutu kutoka nje. Ulichukua maji ya watu, mdogo wangu. Kwa ajili ya ndege.

Nimwambie nani hili kama si wewe? Mwezi wa tano, asubuhi, nilimkuta Baba Nai peke yake ameinama kwenye mfereji anaosha miguu. Nilikuwa nyuma yake na jembe, na jembe langu lina chuma. Shingo yake ilikuwa wazi, ina mikunjo miwili, na kati ya mikunjo kuna alama ya upele. Nilipima. Napima vitu kila siku, macho yangu hayakosei. Nilijua nitasimama wapi na nitapiga mara ngapi, na kwamba ya pili haitahitajika. Nililiinua. Akageuka kwa sababu ya kivuli. Akaliona jembe lilipo, akabaki vilevile, mguu mmoja majini. Akasema, "Habari ya asubuhi, Mama Mashine." Nikasema nzuri. Nikaenda zangu, nikafyeka majani ambayo hayakuhitaji kufyekwa mpaka viganja vikatoa damu.

Tangu siku ile yeye anajua na mimi najua. Nafikiri ndipo isale lilipoanza kutafutwa.

Na mwaka huu wamekuja tena, ndege wako. Nakupa taarifa maana najua umeisubiri. Mbayuwayu walitangulia, wakajipanga kwenye nyaya za umeme mpaka Kahe, nyaya zimelegea. Baada ya mvua ya kwanza kumbikumbi walipotoka, wakafuata kozi wadogo wenye miguu ya rangi ya chungwa, wale uliokuwa unasema wanatoka karibu na Uchina. Nilikata kumi kwa macho nikapima. Nilipofika mia nne nikaishiwa anga. Mwaka wowote ule sijawaona hivyo. Walikuwa wanadaka kumbikumbi hewani kwa mguu na kula wakiruka, mabawa ya kumbikumbi yanatuangukia kichwani kama pumba.

Halafu korongo weupe. Na watu wa huku, safari hii, hawakungoja kukanyagiwa. Walichanganya dagaa na dawa wakamwaga kwenye matuta. Niliwakuta asubuhi. Korongo anayekufa kwa sumu anatandaza mabawa chini kama anataka kukumbatia jaruba zima, anapiga mdomo wake kaka-kaka-kaka mpaka unanyamaza. Walikuwa wengi, na waliobaki hai walikuwa wamesimama kati ya wenzao hawaelewi. Mbwa wawili walishakula, nao wakawa wanajinyonganyonga. Nilichimba shimo mimi mwenyewe na vijana wawili niliowalazimisha. Mmoja akasema, "Mama Mashine, mbona unazika ndege kama watu?" Nikamwambia, "Kwa sababu hapa watu wanauawa kama ndege." Hakucheka. Tukazika.

Nilipomaliza kufukia nilitaka kumwona Baba Nai amelala vile, mikono imetandazwa. Nakuambia ukweli. Isale lililetwa siku chache baadaye, na moyo wangu ulikuwa bado uko kwenye lile shimo.

Naacha hapa. Watu wameleta mpunga.

*

Leo ni Jumatatu, naendelea.

Ijumaa nilipanda Mwika. Nilimwambia Mama nataka isale, na si lile lililoletwa. Hakuniuliza la nini. Alichukua kisu akaenda kwenye masale yaliyozunguka kaburi lako, akakata jani moja, akalifunga fundo kwa mikono yake, akanipa. Sasa akifunga fundo anarudia mara mbili. Ulikuwa hujaiona hiyo.

Nikarudi nalo chini, nikaenda mkiani. Si kwa Baba Nai peke yake, kwa wote wa mkiani ambao siku ile maji hayakuwafikia. Walikuwa kwenye jaruba la Bi Mwanaidi wanapandikiza kwa ushirika, wameinama mstari mmoja. Nikasimama juu ya tuta. Nilikuwa nimepanga maneno, yakakimbia. Nikasema, "Ndugu yangu alichukua maji yenu. Hayakuwa yake na hayakuwa yangu. Nimekuja kuomba."

Bi Mwanaidi akajinyoosha, mkono kiunoni. "Mama Mashine, mimi Mpare. Jani lako nilile na nini?" Watu wakacheka, na kidogo nami nicheke. Mwingine akasema, "Unataka kutufungia waume zetu, halafu unatuletea majani?" Nikamjibu, "Jani ni la maji. La mengine sijaleta."

Aliyetoka kwenye mstari ni Mama Nai. Akamweleza Bi Mwanaidi kwa sauti ya chini maana ya jani lile, kisha akapanda tuta, akafuta tope kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Kitalu kiliisha chote. Mwaka ule tulikula vya kuomba." Nikasema, "Najua." Akasema, "Na Jumanne?" Nikasema, "Jumanne nitakwenda." Akaligeuza lile jani. Angeweza kunirudishia, mbele ya wote, na mimi ningeelewa. Hakurudisha. Alilichomeka kwenye fundo la kanga yake, akashuka, akainama, akaendelea kupandikiza.

Jumamosi walikuja, baba mdogo na Meku. Safari hii walikuja na mbege na mbuzi, kana kwamba nimeshasema ndiyo. Nilimwamkia Meku, nikakaa, nikachukua isale lao mezani. Lilikuwa limenyauka kidogo pembeni. Nikasema mbele ya Mama, "Nimelipokea." Baba mdogo akashusha pumzi, akaanza, "Bwana asifiwe." Nikamwomba anisubiri.

Nikawaambia hivi. Isale linaniomba mkono ushuke, na umeshuka. Sitamgusa Baba Nai, wala mkewe, wala mtoto, wala kitalu chake. Sitamwita muuaji njiani. Akileta mpunga nitakoboa kwa foleni kama wa mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe anajua nilipokuwa nimefika, kwa hiyo anajua nimetoa kitu gani. Hayo ndiyo ya isale. Lakini isale halikuniomba nipofuke. Jumanne wataniuliza niliona nini, na nitawaambia.

Baba mdogo alisimama. "Umelitukana isale. Umepokea na mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kamba." Akaniita majina ambayo hajawahi kuniita, akasema biashara imenifanya niwe mwanaume asiye na ukoo. Nilimwacha amalize. Meku hakusimama. Aliuliza jambo moja tu: "Akifungwa, nani atalima?" Nikamwambia, "Sijui, Meku. Na Kunda alipokufa hakuna aliyeniuliza nani atamletea Mama kuni." Akatikisa kichwa, akasema, "Hilo ni kweli," akaiacha mbege, akaondoka na mbuzi. Sijui kama tumepatana au la. Mama aliniambia niimwage mbege ile migombani. Nikaimwaga.

Nitasema yote, Kunda, hilo ulijue. Nitasema ulikuja na spana, ukafungua geti lisilo la zamu yako, baada ya mimi kukukataza. Wakili wao atalipenda hilo, na alipende. Nikilificha la kwako sitakuwa na sababu ya kudai la kwao. Halafu nitasema ulikuwa umepiga magoti, mikono iko wapi, maji yanaelekea wapi, na nani alisimama upande gani. Nitasema juu ya sikio la kushoto. Nitasema ni mlio gani.

Kuna moja lililobaki, na ndilo linalonisumbua kuliko baba mdogo. Mama hajawahi kunisikia nikilisema. Mwaka mzima nimemwambia ulikufa haraka, hukupata maumivu, nikakufunika pale hospitali asikuone kichwa. Jana usiku nilimwambia asije mahakamani, kuna baridi ya asubuhi, magari yanajaa. Akaniambia ameshapiga pasi gauni. Atakaa mbele. Anataka kusikia mwanawe alipigwa wapi, na anataka kusikia kwangu, asisikie kwa wakili.

Pumzika, mdogo wangu, hapo kwenye migomba. Mimi na yeye tunatoka alfajiri. Nitamshika mkono mpaka waniite jina, nitamwachia, nitasimama, na sitapunguza neno hata moja kwa ajili ya uso wake. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Dada yako,
Ndea